Si muziki unaowanyima usingizi, ni bati la buti

Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wenu wa Tudor, hapa Mombasa, anayelalamikia magari yanayopita usiku na muziki mpaka vikombe vinalia kabatini. Sina nia ya kumpinga. Mtu ana haki ya kulala kwake. Ila alitaja jambo moja lililonifanya nichukue kalamu, mimi ambaye nimekuwa nikifunga redio na spika za magari hapa Kisauni tangu siku za kaseti. Alisema muziki wenyewe haumkeri sana kama ule mkwaruzo unaoandamana nao, mfano wa mtu anayeburuta mabati barabarani. Bwana huyo ana sikio kuliko wengi wa wateja wangu. Ni mabati kweli.

Wanaolalamika na wanaolalamikiwa, wote hudhani ile ndiyo besi, yaani sauti nzito ya chini ya muziki. Siyo. Besi safi haina mkwaruzo. Huja kama pumzi, ikakusukuma kifuani, ikenda zake. Kinachokwaruza ni gari lenyewe: mfuniko wa buti, pale nyuma pa kutilia mizigo, bati la namba, plastiki za ndani, jeki iliyolegea kwenye kishimo cha gurudumu la akiba. Kijana amejinyima miezi minne akanunua wufa mbili za inchi 12, zile spika kubwa za besi, na ampu ya kuzipa nguvu, akazitia ndani ya buti, na buti ni nini kama si sanduku la bati? Halafu hakutoa hata shilingi mia tano za kulinyamazisha hilo sanduku. Sasa anaendesha debe, na mtaa mzima unamlaani kwa kosa asilolijua.

Juzi nilikuwa kwenye feri ya Likoni, natoka Mtongwe kumfungia mtu spika. Mbele yangu pana gari dogo jeupe, madirisha yamefungwa, wufa inanguruma ndani. Abiria waliosimama karibu wamekunja nyuso. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki alikwisha mwambia dereva apunguze, na kijana akapunguza, si mkaidi, lakini mkwaruzo ukabaki pale pale. Nikaenda nyuma ya gari nikaweka kidole kimoja juu ya bati la namba. Kimya. Nikaondoa: trrrrr. Nikaweka tena: kimya. Yule mama akaangua kicheko. Kijana akatoka mbio.

"Mzee, wafanya nini na gari yangu?"

"Njoo uweke kidole chako hapa," nikamwambia.

Akaweka. Uso ukambadilika. Bati lile lilikuwa limeshikwa na skrubu mbili za juu tu, chini linapepea kama leso kambani. Mimi mfukoni sikosi kipande cha ndara kuukuu, kwani ile sponji ya ndara haifyonzi maji na hukatika vizuri kwa kisu. Tukakichomeka nyuma ya bati kabla feri haijagusa gati. Kelele yote iliyokuwa ikiwakera watu tangu upande wa Likoni ilikuwa ya kibati kimoja chepesi kuliko sahani.

Nisijifanye mjuzi wa kuzaliwa. Nami nilifunzwa na aibu. Miaka mingi nyuma nilifunga muziki kwenye gari la kumpeleka bwana harusi, Majengo. Nilikuwa kijana, nikaona kazi ni kupiga nguvu tu: sanduku kubwa, wufa kubwa, sauti juu. Siku yenyewe bibi yake bwana harusi alipandishwa kiti cha nyuma, kwa heshima yake. Tulipowasha, hatukusikia qasida wala dufu, ni buti tu linalopiga kelele. Bibi akavumilia mpaka kona ya kwanza, kisha akamuuliza dereva kwa upole, "Baba, hivi masufuria ya pilau mumeyapakia humu?" Gari zima likacheka. Mimi niliyekuwa kiti cha mbele nilitamani barabara initie ndani. Tangu siku hiyo sifungi wufa kabla ya kuligonga bati.

Na sababu haihitaji chuo kikuu. Wufa hufanya kazi yake kubwa kati ya hezi 20 na 80, maana yake koni, ule uso wa spika unaotetemeka, inakwenda mbele na kurudi mara 20 mpaka 80 kwa kila sekunde. Ikienda mbele hewa ya buti inabanwa, ikirudi inaachiliwa. Hewa hiyo inasukuma kila upande, na upande ulio dhaifu zaidi ni mfuniko, bati pana ambalo unene wake haufiki milimita moja. Bati ni kama ngoma. Chapuo ina sauti yake na vumi ina sauti yake, na kila moja huitika pale inapoitwa kwa jina. Ndiyo maana gari linaweza kutulia nusu ya wimbo, kisha noti moja tu ya besi ikapita, buti lote likalia, noti nyingine ikaja, kimya. Wateja hunijia wakisema spika imepasuka. Spika nzima kabisa. Ni bati limeitwa jina lake likaitika.

Kwa hiyo tiba inaanza kwa kusikiliza, na vijana wa siku hizi hawana subira ya kusikiliza. Wao huja wameshika karatasi za mpira za kunyamazisha bati tayari, wamenunua mtandaoni, wanataka nibandike kila mahali. Mimi nawaambia tulieni. Tunazima injini. Msaidizi wangu anaketi ndani na simu, kuna programu za bure zinazotoa mlio mmoja usiobadilika. Anaanza na hezi 25, anapanda taratibu, 30, 35, mpaka 80. Mimi niko nje na viganja vyangu. Bati likianza kulia nabonyeza hapa, nabonyeza pale, na panaponyamaza chini ya kiganja ndipo penye ugonjwa. Naweka alama ya chaki. Kazi ya nusu saa. Mara nyingi tukimaliza, alama tano kati ya sita haziko kwenye bati lenyewe bali kwenye vitu vinavyogusana nalo, na vitu hivyo havihitaji karatasi za bei ghali.

Toa kwanza kila kilichomo ndani ya buti. Jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za kuonya, chupa ya maji ya rejeta, ule mpira wa mtoto uliopotea tangu Idi. Kuna mwalimu mmoja aliyesumbuka miezi na mlio ambao fundi mwingine alitaka kuubomolea gari zima, tukakuta ni sarafu ya shilingi kumi ndani ya mfereji wa taa ya nyuma. Nilimrudishia sarafu yake na nikamtoza mia mbili.

Mfuniko nao mara nyingi haujashikwa sawasawa. Kwenye magari mengi ya saluni, yale yenye buti la kujitenga, pembeni mwa mfuniko pana vijiraba viwili vinavyozungushwa kama skrubu. Ukivitoa nje kidogo, mfuniko ukifungwa unabanwa usipate nafasi ya kucheza. Kitasa pia husogezwa: legeza bolti, shusha kidogo sana, kaza, jaribu. Ukishusha mno utahitaji watu wawili kulifunga buti, na raba ya kuzuia maji itakatika kabla ya wakati wake. Kisha kuna vile vyuma virefu vilivyopindwa vinavyosaidia kuinua mfuniko, hupita chini ya kibao cha nyuma ya kiti na hugusana katikati. Hivyo navivika kitambaa kizito, vipande vya koti kuukuu la sufi nililolinunua mitumba ya Kongowea, nguo ambayo sijui aliyeileta Mombasa alitarajia nani aivae.

Magari yenye mlango mpana wa nyuma, zile Toyota Probox na Fielder zilizojaa mjini, hayana buti la kujitenga. Mlango wa nyuma wenyewe ndio ngoma, na kwa ndani umefunikwa plastiki kubwa inayoshikwa na vibanio. Vibanio vikivunjika mara moja, mafundi huvirudisha vivyo hivyo vimevunjika. Ukifungua mlango huo ukakuta vibanio vitatu vimebaki kati ya kumi, usishangae kwamba gari linapiga meno. Nunua vibanio vipya, na kila plastiki inapokutana na bati tia ukanda wa sponji. Nyaya zinazoning'inia ndani ya mlango nazo zifunge, hizo hugonga kama vidole juu ya meza.

Bati lenyewe sasa. Ligonge kwa kifundo cha kidole. Likilia ngoo kama sufuria tupu, linahitaji mpira. Likijibu du kama ukuta, liache. Mpira unaofaa ni ule wa butili, mpira laini unaonata, unene kama milimita 2, juu una karatasi ya alumini. Bati likitaka kutetemeka linauvuta ule mpira, alumini inaukatalia, na nguvu ya mtetemo inaishia ndani ya mpira kama joto dogo usilolisikia hata kwa mkono. Kwa kuwa kazi ni hiyo, hakuna haja ya kulifunika bati lote. Robo ya eneo, pale katikati panapocheza zaidi, inatosha kwa mifuniko mingi. Kijana mmoja alinikatalia, akataka afunike kila inchi mara mbili. Nikamfanyia, pesa ni zake. Wiki ya pili akanirudia akilalamika mfuniko hausimami, umekuwa mzito umezishinda springi. Nikainama kuangalia, ukanishukia kisogoni. Kovu ninalo mpaka leo, na yeye alinilipa mara ya pili kuupunguza.

Kuna wanaotafuta rahisi wakatumia ile karatasi ya lami ya kuzibia paa. Nilifanya hivyo zamani kabla ya butili kufika hapa, na sirudii. Huko kwenye baridi huenda inavumilika. Hapa kwetu, gari likiegeshwa juani Januari au Februari, kaskazi imeshika, bati la juu huwezi kuliwekea kiganja. Lami inalainika, inanuka, inateremka. Mteja wangu mmoja aliegesha nje ya msikiti siku ya Ijumaa, akafungua buti kutoa mswala wake, na mfuniko ukamwekea mihuri mitatu myeusi begani mwa kanzu. Kanzu ilikuwa mpya. Sikusubiri aniambie, nilimlipa.

Hata butili haishiki pasipo usafi. Futa vumbi na mafuta kwa spiriti, acha pakauke kabisa, bandika, kisha ukandamize mpaka karatasi ya alumini ifuate kila mkunjo wa bati. Kuna vigurudumu maalumu vya kazi hiyo. Mimi nilianza na mti wa kusukumia chapati wa nyumbani, na mwenye chapati zake alipogundua ilibidi ninunue miwili, mmoja nimpe. Na jambo hili mafundi wengi hulisahau: sisi tuko kando ya bahari. Chumvi iko hewani. Ukibandika mpira juu ya bati lenye unyevu, au ukaziba vile vitundu vya chini vinavyotoa maji, umeifungia kutu nyumba na kuipa ufunguo. Mwaka mmoja baadaye utakuwa na buti lililonyamaza kwa sababu limetoboka.

Niruhusu nichepuke kidogo, Mhariri, kwa sababu hili nalo hulifanya bati lilie. Ampu zinazouzwa huku na maandishi makubwa ya wati 3000, nyingi ukizigeuza utakuta fyuzi moja ya ampea 30. Umeme wa gari injini ikiwaka huwa kama volti 14. Zidisha: 14 mara 30 ni 420. Hizo ndizo wati zinazoweza kuingia kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika, na zinazotoka haziwezi kupita zilizoingia, maana nyingine hupotea njiani kama joto. Mwenye gari anaona ahadi ya 3000, anasikia ya mia tatu na kitu, basi anaizungusha geini mpaka mwisho akidhani ni kitufe cha sauti. Geini si sauti, ni ya kuilinganisha ampu na redio. Ampu ikisukumwa kupita uwezo wake hulikata wimbi juu na chini, na wimbi lililokatwa linazaa milio mingine ya juu isiyokuwamo kwenye wimbo. Milio hiyo ndiyo inayoziamsha plastiki zote ambazo besi safi ingezipita zikiwa zimelala. Nimewahi kuliponya gari bila kubandika chochote, kwa kurudisha geini nyuma nusu na kuweka kwenye hezi 80 kichujio kinachozuia milio iliyo juu ya hapo isifike kwenye wufa. Mteja alikasirika kwamba sikufanya kazi. Nikamwambia asikilize, akasikiliza, akalipa huku amenuna.

Tuktuk sizisemei. Turubai halilii, ila kila kitu kingine kinalia, na fundi ana mipaka yake.

Sasa kwa huyu msomaji wa Tudor, nimwambie ukweli wote, hata ulio dhidi ya biashara yangu. Mpira wa butili unalinyamazisha bati, hauizuii besi kutoka. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, haliwezi kusimamishwa na kitu chembamba kama chapati. Litapita mlango, litapita ukuta, litafika kitandani kwako. Kwa hilo dawa ni moja tu, dereva apunguze, na sheria iko upande wako: kanuni za mazingira za mwaka 2009 zimetaja kelele, zikataja na mtetemo uliopita kiasi, mpaka zikapima umbali wa mita 30 kutoka chombo kinachotembea. Nawaambia wateja wangu hivyo. Wengine hucheka.

Lakini nimeona jambo hili mara nyingi kiasi cha kulisema hadharani. Kijana ambaye gari lake linakwaruza huongeza sauti ili muziki uushinde mkwaruzo. Mkwaruzo unaongezeka pamoja nao, naye anaongeza tena. Lile gari likishanyamazishwa, mwenyewe anapunguza bila kuambiwa, maana kwa mara ya kwanza anasikia alichokinunua. Yule kijana wa feri alinipigia simu siku mbili baadaye. Alikuwa amegundua kwamba wimbo anaoupenda una gitaa la besi linalotembea, si kishindo tu, na hakuwahi kulisikia.

Basi, bwana wa Tudor, ikiwa mmoja wa hao wapitao usiku ni jirani yako unayeweza kusema naye, usianze na ugomvi. Mngoje mchana, mwombe awashe muziki wake, nenda nyuma ya gari uweke kidole juu ya bati la namba. Ikiwa si hapo, bonyeza mfuniko juu ya kitasa. Ikiwa si hapo pia, mlete Kisauni. Namba nitamfungia bure, ndara ninazo nyingi.

Fundi wa Muziki wa Magari
Kisauni, Mombasa
(Jina limehifadhiwa)